Burugo, Nchi ya Wasomi Inaporudi Karakanani

Ukimwuliza Mhaya kwao kuna nini, atakutajia maprofesa kabla ya kukutajia ziwa. Atakueleza nani alisoma Makerere, nani alivuka bahari na nani alirudi na shahada ngapi. Ukimwacha aendelee, atafika kwa Laurean Rugambwa, mtoto wa Kamachumu aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuvaa kofia ile nyekundu. Tumezoea. Utani wa "nshomile", yaani "nimesoma", tumekua nao, na Wahaya wenyewe wanaufurahia kuliko sisi tunaowatania. Mimi nimetoka Bukoba na hoja nyingine, ambayo najua baadhi ya wenyeji hawataipenda: nchi ile ilikuwa ya mafundi muda mrefu kabla ya kuwa ya wasomi, na mgeni anayetaka kuliona hilo kwa macho asikomee ufukweni. Apande bodaboda mpaka Burugo.

Burugo iko kata ya Nyakato, Bukoba Vijijini. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Ufundi Stadi (VETA) cha Mkoa wa Kagera, kilichojengwa kwa msaada wa Serikali ya China kwa zaidi ya shilingi bilioni 20. Rais Samia Suluhu Hassan alikifungua tarehe 13 Oktoba 2022, siku moja kabla ya kilele cha Mbio za Mwenge katika uwanja wa Kaitaba. Siku za namna ile tunazijua: utepe, jiwe lenye kipazia, hotuba, ngoma, na vijana wamepangwa mbele ya mashine zao wakiwa na ovaroli zisizo na doa. Mimi si mpenzi wa siku za utepe. Jengo jipya siku ya kufunguliwa kwake halina la kukusimulia, maana bado ni rangi na hotuba tu. Chuo kitembelee baadaye, ovaroli zikishaingia grisi.

Kufika Bukoba siku hizi hakuna adha ya zamani. Kwa barabara kutoka Mwanza, ile foleni ya feri ya Busisi imekwisha tangu tarehe 19 Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za zege juu ya maji. Unapita Sengerema, Geita, Chato, unaingia Muleba, na kuanzia hapo dunia inakuwa migomba. Mimi lakini naisifu meli. New Victoria, ile MV Victoria ya wazee iliyokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, inasafiri usiku, inagusa Kemondo alfajiri, na kukupeleka Bukoba wakati jua linaanza kupiga majabali ya pwani. Kisiwa cha Musira kinasimama mbele ya mji peke yake. Nyuma ya mji kuna vilima, na juu ya vilima mawingu yanayosubiri zamu, kwa sababu Bukoba inapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka na mwenyeji hashangai kuloa. Wajerumani waliweka kituo hapa mwaka 1890 chini ya Emin Pasha. Maduka ya zamani yenye baraza bado yapo, na ni mji unaoweza kuumaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Chakula chenyewe ni ndizi. Ndizi na maharage, ndizi na samaki, ndizi peke yake kama umechelewa. Ukiwa na bahati ya kufika Novemba au Desemba utakuta senene, na hapo hakuna haja ya mimi kukushawishi; harufu ya senene wakikaangwa itafanya kazi hiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo migomba, maana watu wengi wanaipita wakidhani ni msitu uliojiotea. Ardhi ya asili ya Buhaya sehemu kubwa si tajiri. Mvua ile ile inayosifiwa inaosha rutuba, na ukitoka nje ya vijiji unaona rweya, nyika ya majani yenye udongo mchovu. Kibanja kilicho katikati ya rweya kimetengenezwa. Vizazi kwa vizazi vimekata majani ya rweya na kuyatandaza chini ya migomba, vimeongeza samadi ya ng'ombe, vimepanda kahawa chini ya mgomba na maharage chini ya kahawa, mpaka udongo ukageuka mweusi. Bibi aliyeinama na jembe pale uani anarithi karakana ya udongo ya miaka mamia. Bibi huyo hana cheti ukutani, na hakuna bwana shamba mwenye akili atakayeingia kibanjani kwake bila kubisha hodi.

Ufundi wa zamani haukuishia shambani. Magome ya mtoma yalichunwa, yakalainishwa na kupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka yakawa nguo. Nyumba ya msonge ilisukwa kwa fito, matete na nyasi kutoka kileleni mpaka chini, bila msumari hata mmoja, na mvua ile ya milimita 2,000 ikabaki nje. Ila kilele cha yote ni chuma, na kwa chuma inabidi uende Katuruka.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka alianza kwa kuniuliza kama mimi ni mtafiti. Nikamwambia hapana, natembea tu. Akapunguza nauli kidogo. Inaelekea watafiti wana bei yao. Katuruka iko upande wa Maruku, na njia inapita kati ya vibanja, huku na huku migomba, mara uwazi wa rweya, mara kanisa, mara watoto wa shule wanaopunga mkono bila sababu. Hapo Katuruka palikuwa makao ya mfalme Rugomora Mahe. Masimulizi yanasema aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni akaone kulikoni, mnara ukaanguka. Ni hadithi ya kuchekesha mpaka unapoonyeshwa mahali penyewe, Kaiija, na kusimuliwa kilichofuata.

Karibu na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika akiwa na tabia ambayo wengi wa wenzake hawakuwa nayo: aliwasikiliza wazee. Walimwonyesha walikosema kazi ya chuma ilifanyika, akachimba pale pale. Chini ya ardhi alikuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Masimulizi yalikuwa yamekaa juu ya shimo halisi muda wote huo. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamebaki na kumbukumbu ya kazi hiyo, iliyokuwa imekufa miongo kadhaa kabla kwa sababu ya majembe na vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya, walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Miaka miwili baadaye Schmidt na mhandisi Donald Avery waliandika habari hiyo katika jarida la Science, na magazeti ya Marekani yakashangaa kwamba watu wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakipata chuma cha pua kwenye tanuri la udongo.

Ni vizuri kueleza walivyofanya, maana watu wanaisifu kazi hii bila kujua inasifiwa kwa lipi. Kwanza lilichimbwa shimo, likasiribwa udongo wa kichuguu, unaohimili moto. Ndani yake yakachomwa matete ya bwawani mpaka shimo likajaa mkaa wa matete. Juu ya shimo ukajengwa mnara mfupi wa udongo huo huo na mabonge ya takataka za chuma cha zamani. Pembezoni iliingizwa mirija ya udongo wa kuchomwa, si kwa kuigusisha mdomoni mwa tanuri tu, bali ikazama ndani kabisa, ili upepo wa mivukuto ya ngozi ya mbuzi upate moto njiani kabla ya kufika kwenye makaa. Wanaume wakapokezana mivukuto kwa saa nyingi huku wakiimba. Yale matete yaliyochomwa chini ndiyo yaliyokutana na chuma kinachodondoka na kukipa kaboni. Wataalamu wengine walibishana na Schmidt na Avery kuhusu joto lilifika wapi na huo upepo wa moto ulisaidia kiasi gani, na ubishi huo una haki yake. Kwamba ile ilikuwa kazi ya watu wanaojua wanachofanya, hapo hapana ubishi.

Mzee aliyenitembeza pale Katuruka alinisikiliza nikishangaa, kisha akaniuliza shughuli yangu inayofuata ni ipi. Nikamwambia naenda Burugo kuona chuo cha ufundi.

"Hao watapewa vyeti," akasema.

"Ndiyo, mzee. Na hawa wa hapa je?"

"Hawa, waitu, walipewa cheti na jembe. Jembe likikatika shambani kwa mtu, cheti kimefutwa."

Mimi na kijana wa bodaboda tulirudi mjini, tukanywa chai, kisha tukashika njia ya Nyakato. Langoni mwa chuo niliandika jina kwenye daftari, nikaeleza nia yangu ofisini, nikakabidhiwa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mandhari inastahili sifa yake: kijani cha Bukoba Vijijini kila unakogeuka, hewa baridi ya vilimani, na mapaa marefu ya karakana. Chuo kipya kina faida hiyo, kwamba dirisha limewekwa mwanga unapotakiwa. Kina pia mabweni, na hili msilichukulie kama jambo dogo. Kagera ni mkoa mpana. Kijana wa Ngara au Biharamulo akisikia chuo kiko Bukoba, swali lake la kwanza si kozi gani zipo, ni atalala wapi. Kwa msichana swali hilo ni zito mara mbili, na wazazi wengi hujibu kwa kumbakiza nyumbani. Kwa watu kama hao bweni ndilo chuo, karakana inafuata.

Karakana ya vyuma ndiyo iliyonishika. Kijana mmoja, ovaroli ya bluu imempwaya mabegani, alikuwa amebana kwenye jiliwa kipande cha chuma kisichozidi kiberiti na anakipiga tupa. Mwanafunzi wa mwanzo hakimbilii mashine. Anapewa tupa na chuma kilichokatwa ovyo, anaambiwa akitoe kikiwa na kila uso bapa na kila pembe nyuzi 90. Tupa husukumwa mbele kwa uzito na kurudishwa bila kukandamiza, maana meno yake hukata upande mmoja. Anayekwaruza mbele na nyuma anaua tupa na kuua mkono. Kijana alikuwa anajua hivyo lakini bega lilikuwa linasahau. Alipodhani amemaliza alichukua skwea, akaiegemeza kwenye uso wa chuma, akainua vyote viwili kuelekea dirishani. Uzi mwembamba wa nuru ukapita katikati. Mwalimu hakusema neno. Alinyoosha kidole kwenye ule uzi, kijana akarudisha chuma kwenye jiliwa, akaanza tena.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Yale maneno ya mzee wa Katuruka yalikuwa mbele yangu: nuru inapita au haipiti, hakuna wa kumwomba huruma. Nimefanya mitihani mingi maishani, na hakuna hata mmoja uliokuwa mkweli hivyo.

Upande wa uchomeleaji kulikuwa na wasichana watatu, miwani myeusi imepandishwa vichwani. Mmoja alikuwa anagonga ganda kwenye mshono wake kwa kinyundo ili mwalimu auone. Nikamwuliza nyumbani walipokeaje habari kwamba anajifunza kuchomelea.

"Baba alitaka chuo kikuu," akasema. "Nikamwambia, baba, mlango wa sebule kwetu umelegea toka nizaliwe. Wamepita wajomba wenye digrii zao wote, hakuna aliyeufunga."

"Sasa umeufunga?"

"Likizo iliyopita."

Wenzake wakacheka kwa namna ya watu waliokwisha kuisikia hadithi hiyo. Mimi niliichukua kwa uzito, maana hapo ndipo penye mgogoro. Tangu Sheria ya VETA ya mwaka 1994 nchi imejaribu kuyapa mafunzo haya heshima, yana viwango vyake, mitihani yake na vyeti vyake. Lakini nyumbani bado VETA inatajwa kama kituo cha waliokosa. Mtoto akipata alama nzuri kidato cha nne anaambiwa asipoteze akili zake kwa fundi. Matokeo yake tunayaona kila mahali: tuna watu wa kutosha wa kuandika ripoti kuhusu bomba linalovuja. Kwa Buhaya kasumba hiyo inaumiza zaidi, kwa kuwa inapingana na historia yao wenyewe. Na si historia tu. Mjini Bukoba kuna kiwanda cha kahawa cha TANICA. Mitambo yake haitengenezwi kwa Kilatini.

Kuna karakana moja ambayo nisingeipita hata kwa mvua, nayo ni ya uashi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kujengwa upya. Ukitaka kujua kwa nini nyumba moja ilianguka na jirani yake ikabaki na nyufa tu, mwulize mwashi, usimwulize mchungaji. Tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo linabeba uzito wa paa vizuri sana siku zote za kawaida, kwa kuwa uzito wa paa unashuka chini. Ardhi ikitikisa ukuta kwa ubavu, mambo ni mengine: pembe zinaachana kwanza, kisha ukuta unalala. Kinachozuia ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha na milango, linta isiyokatika, iliyofungwa vizuri pembeni. Ndiyo gharama ambayo mwenye nyumba huomba ipunguzwe, na ndipo fundi asiyefunzwa hukubali.

Kwenye uwanja wa mazoezi walikuwa wakijenga pembe ya ukuta ambayo ingebomolewa baada ya kukaguliwa. Kozi tatu, timazi, kamba, kozi nyingine. Mwalimu alimzuia kijana mmoja aliyekuwa amekunja nondo mbili na kuziishiza pembeni, kila moja kwake.

"Hapa zinapeana mkono," akamwambia, "zinapita pembe, zinashikana. Umeziacha zinapungiana."

Kijana akafungua waya na kuzikunja upya. Nikajiuliza ni familia ngapi zitalala chini ya pembe zake katika miaka 30 ijayo bila kumjua kwa jina.

Chuo kipya kina hatari zake na sitazificha kwa sababu ni makala ya sifa. Nimeingia kwenye vyuo vya mikoa mingine, ambavyo sitavitaja, nikakuta mashine nzuri zimefunikwa turubai kwa kukosa kipuri kimoja, na wanafunzi wanaochora kwenye daftari mshono ambao walipaswa kuuchomelea, kwa kuwa vijiti vya kuchomelea vimekwisha na bajeti imekwisha. Jengo hufunguliwa siku moja, lakini vifaa vya mazoezi vinatakiwa kila Jumatatu. Burugo niliiona ikiwa kazini, chuma kinalia na randa zinapita, na ndiyo hali ninayoisifia. Wenye kupanga fedha wanajua kilichobaki.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika vidole. Omba ruhusa ofisini kwanza na usiwapige picha wanafunzi kabla ya kuwauliza. Wengi watakubali, na mmoja atakuomba usubiri afute uso. Na sharti la mwisho, anza na Katuruka ndipo uende Burugo. Ukigeuza mpangilio utaona chuo tu. Jioni jipatie kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na majani ya mitishamba kisha ikakaushwa, ambayo mwenyeji humpa mgeni kabla ya mazungumzo. Ni robusta, chungu, na inakuweka macho mpaka meli itoe honi.

Kijana wangu wa bodaboda alikuwa ananisubiri nje ya lango, chini ya mti, pikipiki imeinamia stendi yake. Aliniuliza nimeona nini humo ndani. Nikamweleza habari za jiliwa na linta. Hakuvutiwa sana. Kisha akauliza, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, kama wana kozi fupi za ufundi wa injini, na kama mtu anaweza kusoma huku anaendesha. Nikamwambia ofisi iko wazi, akaulize mwenyewe. Akanitazama, akavua kofia ngumu, akanipa niishike, akaingia.

Alikaa humo muda mrefu kuliko mimi. Alipotoka alikuwa na karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati, na nauli ya kurudi mjini ilikuwa imepanda kwa shilingi 500. Nilipolalamika alisema ameanza kukusanya ada.